Kuliwahi Jiwe Kabla Halijasuguliwa

Kila anayeingia kibandani kwangu kupiga picha ya pasipoti siku hizi ananiuliza kabla hata hajakaa kwenye kiti: ni kweli ulimpigia mama mkwe wako kelele, tena mbele ya watu? Ni kweli. Nimechoka kulieleza jambo hili nusu nusu huku nikimwambia mtu ainue kidevu, kwa hiyo nimekaa nikaandika yote. Shule niliishia kidato cha pili, na huenda mengine nimeyapanga vibaya. Pale ambapo sina hakika nitasema sina hakika, na aliyenikosea nitajaribu kumtendea haki kama ninavyotaka nitendewe.

Jiwe lenyewe liko nyuma ya boma la wakwe zangu, ufuoni mwa ziwa, kupita Asembo Bay. Ni mwamba mpana mweusi uliolala chini kama ngozi ya ng'ombe iliyoanikwa. Juu yake watu wa zamani, ambao hakuna anayejua walikuwa nani, walichonga duara ndani ya duara, na safu za vishimo kama vya bao. Nililipiga picha siku tuliyopeleka ng'ombe wa mahari, nikaibandika ukutani kibandani. Siku moja Daktari Nekesa, mwalimu wa chuo kule Maseno anayeshughulika na mambo ya kale, akaja kutengeneza picha zake, akaiona, akasahau kilichomleta. Hivyo ndivyo mimi, mpiga picha wa arusi na matanga, nilivyojikuta naenda kumpiga picha asiyetabasamu wala kulia.

Jambo moja zaidi, maana bila hilo hamtaelewa. Kwa wakwe zangu heshima kati ya mkwe na mama mkwe bado ni kali. Simsalimii kwa mkono. Siendi upande wa jikoni. Nikitaka kumwambia neno, ninamwambia mtu wa tatu, naye anamwambia, hata kama tumekaa chumba kimoja na amesikia kila kitu. Mkitaka kucheka chekeni. Ndivyo nilivyooa.

Kibuye

Daktari alinituma ninunue turubai jeusi, zito, lisilo na tundu hata moja. Sababu ilinichukua muda kuielewa. Jua la mchana likipiga jiwe kutoka juu, michongo inapotea, jiwe linakuwa kama meza. Lakini mwanga ukipita pembeni, chini chini, kila mkwaruzo unatupa kivuli chake. Basi unajenga kibanda cha giza juu ya jiwe mchana kweupe, bila kuligusa, halafu unapitisha taa pembeni.

Jaribu kumweleza mama muuza maturubai pale sokoni Kibuye.

"Hii haina shimo, kastoma. Shika uone."

Kushika hakusaidii. Nililifungua, nikaingia chini yake nikachuchumaa, nikatazama juu. Niliona nyota.

"Mama, hii imejaa matundu."

"Hiyo ni hewa ya kupumua!"

Watu wakaanza kukusanyika. Nikaingia chini ya la pili. "Mzee, unatafuta nini huko ndani, mke?" mmoja akauliza. Mwingine akasema, "Muache, anataka kuzaliwa mara ya pili." Kusema haki, ningekuwa nimesimama pale na kumwona mtu mzima anaingia chini ya turubai na kutoka, anaingia na kutoka, mimi pia ningesema kitu. Lililofaa lilikuwa chini kabisa ya rundo, na mama alilazimika kuliondoa rundo lote, akinung'unika kwa Kijaluo mambo ambayo alidhani siyasikii. Asubuhi yote iliishia hapo.

Maseno

Mambo ya kupata gari na ruhusa nayaruka. Nilifika kwa Daktari nikidhani tunaondoka. Nikakuta vyombo vyote vimetandazwa sakafuni: taa, kamera, vijiti vyenye alama za kupimia, soksi.

"Soksi za nini?"

"Za kukanyagia jiwe, ikibidi. Wewe umebeba nini?"

Hapo nikatoa zawadi yangu kwa fahari. Nilikuwa nimenunua chaki, pakiti nzima, tujaze ile mistari iwe myeupe ionekane vizuri kwenye picha. Nilidhani atanishukuru.

"Bwana Okoth," akasema taratibu, kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu, "ukipaka chaki, unapiga picha ya chaki. Unapiga picha ya kile unachodhani umeona."

Akaichukua. Akaniambia hakuna chaki, hakuna makaa, hakuna kumwaga maji, hakuna kuweka karatasi juu na kusugua kalamu. Jiwe, alisema, lina ngozi. Lilipochongwa ngozi ile ilitoboka, halafu miaka mingi sana ikaota nyingine ndani ya mchongo, na ngozi hizo mbili hazifanani. Mtu anayejua kuzisoma anaweza kutambua ni duara gani lilitangulia. Ngozi ikitoka, habari hiyo imekwisha, haipo mahali pengine popote duniani. Hata miguu ya kibanda chetu ilitakiwa kusimama kwenye udongo, nje ya jiwe, tena ivalishwe raba zilizokatwa kwenye ndara kuukuu. Tulikaa tukikata ndara mpaka vidole vikaniuma.

Tukiwa katika kazi hiyo, mke wangu Adhiambo akapiga simu.

"Baba Akinyi, Mama amefurahi sana! Wageni wanakuja kuona jiwe yake."

"Vizuri."

"Amenunua chuma ya kusugulia. Na mchanga ameshateka. Anasema kesho akishatoa omena juani atasugua jiwe yote iang'are. Hataki wageni wakute aibu."

Kwa wasiojua ufuo wetu: omena ni dagaa wa ziwani, na nyumba ya mwanamke inapimwa kwa sufuria zake, na sufuria inapimwa kwa nje, si ndani. Sufuria za mama mkwe wangu unaweza kujinyolea ndevu mbele yake. Yeye jiwe lile aliliona kama sufuria kubwa ambayo wageni wa chuo wanakuja kuitazama, imejaa ukoko.

Nilipomweleza Daktari aliweka kisu chini. "Mpigie sasa hivi."

"Siwezi."

"Huna namba yake?"

"Ninayo."

"Simu yako haina pesa?"

"Inayo."

Akanitazama. Nikamweleza habari ya heshima, nikirudiarudia maneno. Yeye ni wa upande wa Bungoma, na huko kwao pia wana mambo yao na wakwe, kwa hiyo alielewa haraka kuliko nilivyoogopa, lakini hakupendezwa. Akapiga mwenyewe. Simu ilikuwa imezimwa. Mama huipeleka sokoni kuchajiwa na kuiacha huko. Adhiambo akampigia kaka yake Ouko, anayekaa pale bomani, amwambie Mama asiguse jiwe. Ouko akajibu, "Sawa." Tukalala tukiwa na hiyo sawa.

Kombewa kuelekea Ndori

Daktari aliendesha pikapu mwenyewe, na aliendesha kama amebeba mayai. Kila shimo alisimama, akalitafakari, akalizunguka. Tulipitwa na baiskeli. Tulipitwa na bodaboda iliyobeba kochi la watu watatu, na juu ya kochi amekaa mwenye kochi, akatupungia mkono. Niliuma meno. Ni lazima niseme kwamba taa na lenzi zote zilifika nzima, na mimi ningekuwa nimevunja nusu.

Kabla ya Ndori tukakuta matanga. Watu wamejaa uwanjani, juani, bila kivuli. Vijana walipoona pikapu yetu ina nguzo na turubai nyuma, wakaruka barabarani wakipiga mbinja: "Hema imefika! Hema imefika!" Hema waliyokodi ilikuwa imechelewa. Kamba zilishaanza kufunguliwa kabla sijatoa mguu nje.

"Hiyo si hema!" Daktari akasema.

"Ni nini basi, Madam?"

"Ni ya kufunika jiwe."

Wakatazamana. "Jiwe inasikia jua?" mmoja akauliza, na wengine wakaangua kicheko.

Lakini mzee mmoja, nadhani kaka wa marehemu ingawa sikuuliza, hakucheka. Alisema, "Mama zetu wanaungua pale, nyinyi mnapelekea jiwe kivuli?" Daktari alilitazama jua, akawatazama wale bibi waliojifunika leso kichwani, akashika kona moja ya turubai mwenyewe. Tukalitundika.

Nikiwa nafunga kamba nikasikia sauti kwenye kipaza sauti, imekauka kama gunia, ikiwapanga wajukuu wapite kwa mstari. Sauti niliijua. Nilizunguka nyuma ya spika nikamkuta shemeji yangu Ouko.

"Shemeji! Mmekuja kumzika mzee wetu, Jaduong'?"

"Ouko, ulimwambia Mama?"

"Nilisema sawa."

"Ulimwambia?"

Akasogeza kipaza sauti mbali na mdomo. "Shemeji, nianzie wapi? Nimwambie mama yangu mzazi awaachie wageni jiwe chafu? Wewe ungemwambia mama yako?"

Hapo hasira ilinipanda mpaka masikioni, na ikakwama hapo, kwa sababu nilijiuliza swali lake na nikakuta mimi pia nisingemwambia. Ningesema sawa.

Tulitaka kuondoka. Nani anaondoka matangani bila kula? Tukaletewa wali, nyama na soda za moto, na mama mgawaji akasimama juu yetu kuhakikisha. Daktari alikula jicho moja kwenye sahani, jingine kwenye jua. Halafu wakagundua nina kamera, na mpiga picha wao alikuwa anakuja na ile ile gari ya hema. Basi nikaipiga picha familia kando ya jeneza: watoto, wakwe, wajukuu, chama cha akina mama, kwaya. Kila nikishusha kamera kikundi kingine kilikuwa kimeshasimama. Hema ilipofika ndipo tukalipata turubai letu, pamoja na Ouko, ambaye sauti yake sasa ilikuwa imebaki upepo tu.

Asembo Bay

Barabara ya kwenda bomani ilikuwa imekatwa na mvua. Kalavati lilikuwa limekwenda ziwani. Ouko alilijua hilo tangu juzi. Nilipomuuliza kwa nini hakusema, alinong'ona kwamba hatukuuliza. Ikabidi tuache gari tuchukue boti ya injini.

Mwenye boti alikuwa mtu mpole, na upole wake ulinichosha kuliko ubishi wa mtu mwingine. Alisema tunaondoka sasa hivi. Kisha akangoja barafu. Kisha akangoja mama mmoja mwenye beseni la samaki aina ya mbuta, ambaye alikuja, akaweka beseni, akarudi kutafuta mfuniko. Nilimwambia mwenye boti tuna haraka, kuna kitu kinaharibika.

"Ni samaki?"

"Ni jiwe."

Akafikiri. "Jiwe haiozi," akasema, na akaendelea kungoja.

Tulipoondoka, tukaingia kwenye gugu maji. Mnaolijua mnalijua: jana halikuwepo, leo limejaza ghuba nzima kama shamba la kabichi. Injini ikakabwa. Mwenye boti akaiinua, akakata mizizi kwa panga, akaishusha, tukaenda kidogo, ikakabwa tena. Daktari alikuwa amekumbatia mfuko wa kamera kifuani. Niliona midomo yake inatembea, sijui alikuwa anaomba au anatukana. Mimi nilikuwa natukana.

Nilichokuwa nawaza ni hiki. Ni mimi niliyemwambia Daktari njoo. Jiwe lile lilikuwa limekaa salama, likianikiwa omena na kukaliwa na mbuzi, tangu kabla ya babu wa babu yangu. Likiharibika leo, litakuwa limeharibiwa na kuja kwetu kulitunza.

Jiweni

Tulipozunguka ncha ya mwisho nikamwona. Mama mkwe wangu alikuwa amepiga magoti ukingoni mwa jiwe, leso imefungwa kiunoni, beseni kando, mkono mmoja umejishikilia, mwingine unakwenda na kurudi. Hata kutoka kule majini uliona ni mkono unaojua kazi.

"Ouko, mwite!"

Ouko akafungua mdomo. Ikatoka hewa.

Daktari akasimama boti ikiyumba, akaita, "Mama! Tafadhali! Mama!" Mama akainua kichwa, akaona wageni wamefika kabla hajamaliza, akatupungia ile chuma ya kusugulia kwa furaha, akainama na kusugua kwa kasi zaidi.

Nilimtazama mwenye boti. Yeye alikuwa anatazama gugu lake. Hakukuwa na mtu wa tatu.

Basi nikapiga kelele. Sikuiandaa. Ilitoka kwa Kijaluo, kwa sauti ambayo mtu anamwitia mtoto aliyekaribia moto: "We! Kik imul!" Yaani acha, usiguse. Na ili makosa yatimie, nikarudia.

Mkono wake ukasimama. Wanawake waliokuwa wakikusanya omena ufuoni wakageuka wote. Mama akaiweka ile chuma ndani ya beseni, polepole, akasimama, akajifuta mikono kwenye leso, akapanda kwenda nyumbani bila kugeuka. Tukasikia mlango.

"Shemeji," Ouko akanong'ona, "heri ungezama."

Alikuwa amesugua sehemu ya ukubwa wa sinia, kwenye kona. Vishimo kadhaa vilikuwa vimeng'aa kijivu, kama jiwe lililovunjwa jana. Daktari alichuchumaa kando yake muda mrefu, mikono imefungwa nyuma, kama watu wanavyosimama kwenye jeneza. Kisha akainuka akasema, "Michongo mingi imebaki. Tufanye kazi." Hakunilaumu wala hakumlaumu Mama. Namwandikia hilo kwa sababu ningekuwa mimi, sijui.

Tukasimamisha nguzo kwenye udongo, tukatandaza turubai juu, giza likaingia. Nikavaa soksi. Daktari akashika taa chini kabisa, karibu na ardhi, na mimi nikapiga picha, nasogea kidogo, napiga tena, kila picha ikipanda kidogo juu ya iliyotangulia kama vigae, ili baadaye kompyuta iziunge ziwe jiwe zima. Joto lilikuwa la kupikia. Jasho likitaka kudondoka nilirudi nyuma. Jasho pia haliruhusiwi.

Halafu Daktari akahamisha taa upande wa pili, na pale kati ya maduara mawili, mahali ambapo kwa macho ya kawaida hapana kitu, mstari mwembamba ukaanza kutokea. Ukapanda, ukapinda, ukatoa miguu. Ukatoa pembe ndefu.

"Ni ng'o—"

"Usikipe jina," Daktari akasema, na sauti yake haikuwa sawa. "Piga kwanza."

Mstari ule ulianzia mkono mmoja tu kutoka pale Mama alipoishia kusugua.

Ouko aliyekuwa akichungulia akatoroka. Nilidhani ameogopa, kumbe amekwenda kumwita mama yake. Baadaye nikasikia nyayo za ndara, na Daktari akasema, "Karibu, Mama." Sikuwa na haja ya kuambiwa. Kibanda cha giza kile hakikuwa cha mkwe na mama mkwe kukaa pamoja. Nikatambaa kutokea upande wa pili, nikakaa kwenye udongo, mgongo kwenye turubai.

Nilisikia Daktari akimweleza, taratibu, habari ya ngozi ya jiwe, na taa ikisogezwa. Nikasikia Mama akivuta pumzi. Halafu akasema, "Ouko, mwambie yule mtu wa kelele sauti yake inafaa kuuza samaki."

Ouko akanong'ona kupitia turubai, "Anasema sauti yako inafaa kuuza samaki."

"Mwambie naomba radhi."

"Anaomba radhi."

Kisha sauti yake ikaja moja kwa moja, karibu na sikio langu, bila mtu wa tatu. Tangu nioe hilo halikuwahi kutokea.

"Wewe. Hii niliyosugua, inarudi?"

Ningeweza kusema mvua na jua vitairekebisha. Huenda kweli, wajukuu wa wajukuu wakishakufa. Lakini sivyo alivyouliza.

"Hapana, Mama. Hairudi."

"Basi piga picha na hiyo. Msije mkasema mlikuta hivyo. Na Daktari aandike ni mimi, nilikuwa nangoja wageni."

Nikasimama, nikangoja atoke ili niingie. Hakutoka. Daktari akafunua kona ya turubai akaniashiria, nami nikaingia na soksi zangu zilizojaa udongo, nikazivua, nikapiga magoti mbele ya ile sehemu iliyong'aa, macho nimeyashusha. Taa ilikuwa imeshikwa na Mama. Aliishika chini, pembeni, haitikisiki, mpaka nikamaliza.